Kura kwa Njia ya Posta na Haki ya Kumchagua Diwani

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wenyeji wa Visiwani wanaoishi Kinyerezi na vitongoji vingine vya nje vya Jiji la Dar es Salaam)

Kila unapopita uchaguzi, swali moja huulizwa na watu wa aina nyingi. Huulizwa na mtumishi aliyehamishwa kituo cha kazi, na mgonjwa aliyelazwa hospitali, na mvuvi aliyeko dago, na mchumaji wa karafuu aliyepiga kambi mbali na kwao. Swali lenyewe ni hili: ikiwa barua ya kuomba likizo huenda kwa posta, na hati ya kiwanja huenda kwa posta, kwa nini karatasi ya kura nayo isiende kwa posta?

Swali hili ni la haki na linastahiki jibu. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kura kwa njia ya posta ni kitu gani, mataifa yaliyoitumia yamepata faida gani na hasara gani, na sheria za hapa nchini zinasemaje. Aidha, yanakusudia kueleza jambo ambalo kila mwananchi anaweza kulifanya chini ya taratibu zilizopo ili asiipoteze kura yake. Kura inayohusika zaidi ni ile ya Diwani na ya viongozi wa mtaa, kwani hiyo ndiyo ya kwanza kupotea mtu anapokuwa mbali na mahali alipoandikishwa.

KURA KWA POSTA INAVYOFANYA KAZI

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Huko mpiga kura huomba mapema, na ombi lake likikubaliwa hupelekewa nyumbani karatasi ya kura pamoja na bahasha mbili na fomu ya kiapo. Hutia alama kwenye karatasi yake, akaifunga ndani ya bahasha ndogo. Kisha hujaza fomu kwa kutia sahihi yake na tarehe yake ya kuzaliwa, akaitia fomu na ile bahasha ndogo ndani ya bahasha kubwa na kuirejesha. Afisa wa uchaguzi hulinganisha sahihi na tarehe hiyo na zile zilizomo katika kumbukumbu zake. Zikilingana, bahasha ndogo hutengwa na fomu ili ajulikane kuwa mtu huyo amepiga kura bila ya kujulikana amempigia nani. Kura inayofika baada ya kufungwa vituo haihesabiwi.

Utaratibu huu haukuzuka ghafla. Uingereza ilianza kwa kuwafikiria askari waliokuwa vitani mwaka 1918, ikawaongeza wagonjwa na watu wengine wenye dharura mwaka 1948, na kwa sheria ya mwaka 2000 ikamruhusu kila mpiga kura wa England, Scotland na Wales aombe kura ya posta bila ya kutoa sababu. Ujerumani iliruhusu kura ya posta mwaka 1957, na katika uchaguzi wake wa Bunge wa mwaka 2021 kiasi cha wapiga kura 47 katika kila 100 walipiga kwa njia hiyo. Uswisi wengi wa wapiga kura hutumia posta. New Zealand, ambayo nayo ni nchi ya visiwa, imekuwa ikiendesha chaguzi zake za halmashauri kwa posta tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Faida yake haina ubishi. Mzee asiyeweza kusimama katika foleni hupiga kura akiwa amekaa kitandani kwake. Mama aliyejifungua juzi hupiga kura. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hupiga kura. Mtu asiyemwamini mgombea yeyote hupata siku kadhaa za kusoma na kuulizia kabla ya kutia alama.

MTIHANI WA AMANA

Hata hivyo, wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kura iliyo mbali na macho ya msimamizi na mawakala wa vyama ina mtihani wake, na mtihani huo umeonekana zaidi katika chaguzi za halmashauri kuliko chaguzi nyengine. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Uchaguzi wa Rais huamuliwa kwa mamilioni ya kura, ambapo uchaguzi wa Diwani huweza kuamuliwa kwa kura mia chache, na pengine kwa kura kumi. Anayetaka kuiba kura kidogo akapata faida kubwa ataanzia katika kata.

Mwezi Juni 2004 ulifanyika uchaguzi wa halmashauri katika mji wa Birmingham, Uingereza. Kesi zilifunguliwa kuhusu kata mbili, Aston na Bordesley Green. Mwezi Aprili 2005 jaji aliyesikiliza kesi hizo alitoa hukumu kwamba kura za posta zilitumika kwa udanganyifu mkubwa, na matokeo ya kata zote mbili yakabatilishwa. Ilibainika kuwa karatasi za kura zilikuwa zikipita mikononi mwa watu ambao si wenyewe kabla ya kumfikia afisa wa uchaguzi. Masharti ya sahihi na tarehe ya kuzaliwa yaliyoelezwa hapo juu yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 2006, yaani baada ya fedheha hiyo. Sheria nyengine ya mwaka 2022 ikaweka mipaka ya idadi ya bahasha ambazo mtu mmoja anaweza kuwapelekea wenzake, na ikawazuia wanaofanya kampeni kushika kura za posta za watu wasio wa familia zao.

Ufaransa ilichukua hatua kali zaidi. Nchi hiyo ilikuwa na kura ya posta, lakini mwaka 1975 iliifuta kwa wapiga kura wa kawaida baada ya kukithiri udanganyifu, hasa katika kisiwa cha Corsica. Badala yake mtu asiyeweza kufika kituoni humteua mpiga kura mwenzake kwa maandishi, mbele ya mamlaka inayotambuliwa na sheria, ili ampigie kura.

Yapo pia madhara yasiyotokana na uovu wa mtu. Huko New Zealand watu wameacha kuandikiana barua, na mwaka 2015 ugawaji wa barua za mijini ulipunguzwa ukawa wa siku tatu tu kwa wiki. Kura inayotegemea posta inapungukiwa na nguvu kadiri posta yenyewe inavyopungukiwa na nguvu.

Lipo tena suala la siri. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu chake cha 21, linataka uchaguzi ufanywe kwa kura ya siri. Ndani ya chumba cha kupigia kura mume hamwoni mkewe, mwajiri hamwoni mtumishi wake, wala baba hamwoni mwanawe. Karatasi ikiletwa nyumbani, nani atamhakikishia kijana wa kike kuwa atatia alama anayoitaka yeye na si anayoitaka mkubwa wa nyumba?

Kwa mintarafu hiyo, suala kubwa la kura ya posta si wepesi wake. Suala ni nani anayeilinda kura tangu inapotiwa alama hadi inapohesabiwa. Kura ni amana, na amana haiachwi njiani bila ya mchungaji.

SHERIA ZA HAPA NCHINI

Hapa Tanzania hakuna kura kwa njia ya posta, si kwa Rais, si kwa Mbunge, si kwa Mwakilishi wala kwa Diwani. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024, inayotumika Tanzania Bara kwa nafasi zote tatu, inamtaka mpiga kura afike mwenyewe kituoni. Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Na. 4 ya mwaka 2018 nayo inamtaka afike mwenyewe. Mtanzania anayeishi nchi za nje hana njia ya kupiga kura akiwa huko. Jirani zetu wa Kenya wamewaruhusu raia wao walioko katika baadhi ya nchi kupiga kura ya Rais tangu mwaka 2013, lakini nao hufanya hivyo vituoni, si kwa bahasha.

Hali ya posta yenyewe inasaidia kuelewa sababu. Kwa miaka mingi barua hapa nchini imekuwa haifiki mlangoni. Imekuwa ikifika katika sanduku la posta, na sanduku moja huweza kuwa la skuli nzima, la msikiti, au la ndugu na majirani kumi. Mpango wa anwani za makazi na postikodi, uliosukumwa kwa operesheni maalumu ya mwaka 2022, umezipa nyumba namba na mitaa majina. Hilo ni jambo kubwa, lakini kibao cha namba mlangoni hakitoshi. Panatakiwa pia mpeleka barua anayefika kila siku, na kumbukumbu za sahihi zinazoaminika.

Zanzibar imechukua njia nyengine ya kumfikiria mtu aliyebanwa na kazi. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kura ya mapema kwa askari, watendaji wa uchaguzi na wengine wanaokuwa kazini siku ya uchaguzi. Kura hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, na ikapigwa tena tarehe 28 Oktoba 2025. Hupigwa kituoni, mbele ya msimamizi. Vyama vya upinzani, kikiwemo ACT-Wazalendo, viliipinga kwa hoja kwamba siku mbili za kupiga kura zinafungua mwanya wa udanganyifu. Wanaoiunga mkono wanasema kuwa askari na karani wa uchaguzi nao ni raia, na si haki wawalindie wenzao haki ambayo wao wenyewe wanaikosa. Mtu mwadilifu atatambua kuwa hoja zote mbili zinarudi pale pale, kwenye ulinzi wa sanduku usiku ule mmoja. Ulinzi ukiwa wazi kwa pande zote, shaka hupungua. Ulinzi usipoonekana, shaka haiondolewi kwa matangazo.

Afrika ya Kusini ina njia inayofanana na hiyo kwa wasiojiweza. Katika uchaguzi wa manispaa wa tarehe 1 Novemba 2021, kura maalumu zilipigwa tarehe 30 na 31 Oktoba, na watendaji wa uchaguzi waliwafuata majumbani wagonjwa na watu wenye ulemavu walioomba mapema. Yaani badala ya kura kumfuata mpiga kura ndani ya bahasha peke yake, ilimfuata pamoja na mlinzi wake.

KURA YA DIWANI NDIYO YA KWANZA KUPOTEA

Tuje sasa Kinyerezi. Kinyerezi ni kata ya Wilaya ya Ilala, iliyo katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na wengi wanaijua kwa mitambo yake ya umeme wa gesi. Kama vilivyo vitongoji vya nje vya Kinondoni na Temeke, ni mahali ambapo watu wengi wamehamia. Mtu alipanga chumba katikati ya mji, akanunua kiwanja, akajenga kidogo kidogo, akahamia. Miongoni mwao wamo wenyeji wa Unguja na Pemba walioajiriwa katika Wizara za Muungano, hospitali, bandari na biashara.

Chukua mfano wa muuguzi aliyezaliwa Wete, akaajiriwa Dar es Salaam, akaishi Temeke kwa miaka saba na kuandikishwa huko, kisha akahamia Kinyerezi alipomaliza kujenga. Kadi yake ya mpiga kura ingali ya Temeke. Barabara inayojaa maji mbele ya nyumba yake iko Kinyerezi. Taka zisizozolewa ziko Kinyerezi. Zahanati anayoitaka ijengwe iko Kinyerezi. Lakini Diwani anayeweza kumpigia kura ni wa Temeke, ambaye hana habari na barabara hiyo. Muuguzi huyo hakunyang'anywa haki na mtu yeyote. Haki yake imebaki alikohama.

Mambo humzidia akiwa kazini siku ya uchaguzi. Utaratibu uliotumika Tanzania Bara katika chaguzi zilizopita kwa watendaji waliopangiwa kituo kisichokuwa chao unaeleweka hivi. Akiwa ndani ya kata yake hupiga kura zote tatu. Akiwa nje ya kata yake lakini ndani ya jimbo lake, hupiga kura ya Rais na ya Mbunge. Akiwa nje ya jimbo lake, hupiga kura ya Rais peke yake. Kwa hivyo kila hatua mtu anayosogea mbali na kwake, kura ya Diwani ndiyo inayoanguka mwanzo.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayevuka bahari kwenda Visiwani. Mtu wa Bara anayefanya kazi Zanzibar bila ya kutimiza masharti ya ukaazi ya sheria ya Zanzibar huandikishwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na humpigia kura Rais wa Muungano na Mbunge. Mzanzibari aliyeandikishwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar hupiga kura tano, na ya tano ni ya Diwani. Mgeni yule Diwani hamchagui, japokuwa taka za mtaa huo ni zake pia.

Na si vyema kulidharau jambo hili kwa kusema kuwa Diwani ni mdogo. Serikali za mitaa zimetajwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 145 na 146. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri, na ndimo yanamotoka mafungu ya barabara za ndani, usafi, zahanati na mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kuwa bahasha ya posta haipo, daftari ndilo linalombebea mwananchi kura yake pale anapohama. Asiyelisogeza daftari ameiacha kura nyuma. Hapana budi basi kuzingatia haya yafuatayo:

1. Kuhamisha taarifa mapema. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi inapoboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kama ilivyofanya nchini kati ya mwaka 2024 na 2025, aliyehama kata au jimbo huruhusiwa kuhamisha taarifa zake. Katika zoezi hilo wananchi waliweza kuanza hatua hizo kwa mtandao na kuzikamilisha kituoni. Muda huwa ni wa siku chache kwa kila mkoa, na ukipita umepita.

2. Kutochanganya madaftari mawili. Uchaguzi wa mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, uliofanyika mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, haukutumia Daftari la Kudumu. Ulitumia orodha ya wakaazi wa mtaa iliyoandikwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Wapo waliokwenda kupiga kura na kadi zao mkononi wakidhani zinatosha, na majina yao hayakuwemo. Kwa kawaida ya miaka mitano, uchaguzi kama huo unatarajiwa mwaka 2029. Mkaazi aulizie siku za kuandikishwa katika afisi ya mtaa wake, si katika mtaa alikohama.

3. Kuandikishwa mahali pamoja tu. Mwenyeji wa Visiwani anayeishi Kinyerezi achague kwa kufuata ukaazi wake wa kweli. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na huwaharibia wengine imani ya daftari.

4. Wakuu wa afisi kupanga zamu kwa insafu. Mkuu wa hospitali, skuli au kituo cha umeme anapopanga watumishi wa siku ya uchaguzi, atazame kila mmoja ameandikishwa wapi. Mara nyingi saa mbili za ruhusa zinatosha kumwokolea mtu kura yake.

5. Kuwasaidia wasiojiweza kwa mujibu wa sheria. Mpiga kura asiyeona au asiyejiweza anaruhusiwa kwenda kituoni na mtu anayemwamini amsaidie. Wazee, wagonjwa na wajawazito hupewa nafasi ya mbele katika foleni. Jirani mwenye gari au bodaboda ambaye hana nia ya kumshawishi mtu anaweza kufanya wema mkubwa siku hiyo.

6. Kutoa maoni. Anayeona kuwa kura ya posta, kura ya mapema au kura ya kufuatwa nyumbani inafaa kuongezwa nchini, aseme hivyo wakati sheria zinapojadiliwa. Na anaposema, aeleze pia kura hiyo italindwa na nani usiku, nani atathibitisha sahihi, na mawakala wa vyama watasimama wapi.

Ndugu Watumishi, Ndugu Wananchi,

Huenda siku moja bahasha ya kura ikapita katika mitaa ya Kinyerezi kama inavyopita katika mitaa ya nchi nyengine. Siku hiyo itategemea anwani zilizo sahihi, posta inayofika, na kuaminiana kwa vyama. Kabla ya hapo, mwenye kuhama na ahame na kura yake. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na aliyechelewa kuhamisha jina lake atachaguliwa Diwani na majirani zake, kisha akae miaka mitano akimlalamikia mtu ambaye hakupata nafasi ya kumkubali wala kumkataa.